Baiskeli ya mlimani: Ipunguze uzito, usiipunguze nguvu

Natumai ile panchari tuliyofundishana kuiziba Jumapili iliyopita haijakurudia tena. Leo tuiache tyubu tuingie katika jambo ambalo linawashughulisha vijana wengi wa huku kwetu Pwani ya kusini, nalo ni uzito wa baiskeli.

Simama alfajiri pale Kombani, mahali barabara ya Kwale inapoachana na ile inayotoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Utawaona wakiteremka kutoka mlimani mmoja mmoja, wengine wakienda kazini Diani, wengine sokoni, wengine shuleni. Kuteremka hakuna anayelalamika. Taabu ni jioni. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Diani, kama ujuavyo, iko pale pale maji yanapoishia. Kila jioni mtu huyo hana budi kuupandisha mwili wake na baiskeli yake mita hizo zote. Ndipo anapojiuliza swali ambalo huenda nawe umewahi kujiuliza: je, nikiipunguza kilo mbili tatu, si nitapumua?

Swali ni zuri. Lakini jibu lake limemvunja mpwa wangu mfupa, na ndiyo sababu naliandika leo.

Kijana huyo anaishi Kwale na anafanya kazi ya mbao Ukunda. Miaka miwili iliyopita alinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, moja ya zile zinazokuja na meli kutoka Ulaya. Fremu ya chuma, uma wa mbele wenye springi, gia 21. Alifurahi nayo mwezi mmodha, kisha akakutana na wenzake wanaoshindana baiskeli ya nani ni nyepesi. Huyu anasema yangu kilo 13, yule anasema yangu 12. Mpwa wangu akaona haya.

Akaanza kupunguza. Aliitoa breki ya nyuma, akisema ya mbele inatosha. Kisha akachukua keekee akatoboa matundu kwenye bomba la kiti na kwenye usukani wa alumini, akaupaka rangi upendeze. Aliponitembelea nilimwona anaipita nje kwa fahari. "Shikamoo mjomba, hebu inyanyue." Nikainyanyua. Kusema kweli, msomaji, sikuhisi tofauti yoyote, lakini nilinyamaza nisimvunje moyo. Kunyamaza huko bado kunanisuta.

Wiki tatu baadaye, akiteremka asubuhi, usukani ulikatika pale penye tundu la kwanza karibu na shingo. Breki aliyobaki nayo ilikuwa imefungwa kwenye kipande kilichokatika. Alianguka, akavunjika mtulinga, na kwa wiki saba hakushika randa. Fundi wa mbao asiyeinua mkono hana mshahara, na nyumbani kuna mama na wadogo wawili.

Alipopata nafuu tuliviokota vile vipande vya usukani tukavipima kwenye mizani ya jikoni, kisha tukaupima usukani mzima wa aina ile ile. Tofauti ilikuwa gramu 35. Yai la kuku wa kienyeji ni zito kuliko hapo.

Kwa nini alumini ilimhadaa

Chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda kwanza, kinakuonya. Alumini haina hisani hiyo. Kila ukipita shimo inachoka kidogo, na uchovu huo haupungui hata ukiipumzisha. Ufa mdogo ukianza, unatembea ndani kwa ndani hadi siku moja kitu kinakatika ghafla. Na mahali ufa unapopenda kuanzia ni ukingo wa tundu. Kutoboa usukani ni kuualika ufa uje ukae.

Usidhani ni vijana wa Kwale tu wanaopotoka hivi. Katika miaka ya 1970 waendeshaji wa Ulaya walikuwa na wazimu huo huo wa kutoboa kila kipande cha baiskeli. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, limeweka kanuni tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8. Baiskeli za mlimani hazina kikomo cha namna hiyo, kwa hiyo mwenye kuamua mwisho uko wapi ni wewe mwenyewe na akili yako.

Yuko fundi mmoja wa California, Keith Bontrager, ambaye anajulikana kwa kauli fupi sana juu ya vipuri vya baiskeli: kuna imara, kuna nyepesi, kuna rahisi, chagua mbili. Ukitaka imara na nyepesi, utalipa. Ukitaka nyepesi na rahisi, itakatika. Ukitaka imara na rahisi, itakuwa nzito. Iandike kauli hiyo ukutani kabla hujashika spana.

Pima kwa haki

Sasa tuingie kazini. Jambo la kwanza ni kupima, maana wengi wanabishana juu ya kilo ambazo hawajawahi kuziona kwenye mizani.

Njia ya kwanza ni mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana inayotumiwa na wachuuzi wa samaki. Sisi tuliiazima kwa mchuuzi wa Gazi. Ning'iniza baiskeli kwa kiti au kwa bomba la juu la fremu, subiri itulie, kisha soma. Njia ya pili ni mizani ya kusimama ya watu. Panda peke yako, andika; panda ukiwa umebeba baiskeli, andika; toa ya kwanza kutoka kwa ya pili. Fanya mara tatu. Vipande vidogo vipime kwenye mizani ya jikoni, na umwombe ruhusa mwenye jiko.

Kisha kuna kanuni za haki. Osha baiskeli kwanza, kwa kuwa tope jekundu la Shimba Hills lililoganda chini ya fremu lina uzito wake. Toa chupa ya maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja kamili. Pampu na kifuko cha spana vitoke. Pedali zibaki. Naisisitiza hii kwa sababu watengenezaji wengi hutangaza uzito wa baiskeli bila pedali, tena ya saizi ndogo kuliko zote. Ukilinganisha yako yenye pedali na ya kitabuni isiyo nazo, utajiona maskini bure.

Nani ana uzito gani

Ukizipima kwa haki, baiskeli zinazopita katika barabara zetu utazikuta hivi:

Black Mamba yenyewe, ile nyeusi ya gurudumu kubwa, ni kilo 20 hadi 23, na ukiweka keria ya chuma cha fundi wa kijijini inapita hapo.

Baiskeli mpya ya bei ya chini iliyojaa springi mbele na nyuma ni kilo 16 hadi 18. Ni nzuri kwa macho, lakini springi zake hukulia nguvu mlimani.

Baiskeli ya mlimani ya mtumba yenye fremu nzuri ya chuma na uma usio na springi ni kilo 12 hadi 14.

Ya alumini yenye springi za mbele zinazofaa ni kilo 12 hadi 14 pia.

Ya mashindano, ya nyuzi za kaboni, ni kilo 9 hadi 10, na bei yake ni ya kununulia pikipiki na chenji ikabaki.

Angalia mstari wa tatu na wa nne. Chuma kizuri cha zamani kinalingana na alumini ya kisasa. Kwa hiyo usikimbilie jina la madini. Kipande cha chuma cha kilo 10 kikitengenezwa kwa alumini kwa ukubwa ule ule kitakuwa na kilo tatu na nusu hivi, na kwa nyuzi za kaboni kilo mbili. Lakini bomba la alumini lazima liwe nene zaidi ndipo lipate nguvu, kwa hiyo faida nyingi inaliwa na unene huo.

Mahali pa kupunguza

Mpwa wangu alipopona tuliianza kazi upya, safari hii na kalamu mkononi. Baiskeli ikiwa nzima ilikuwa na kilo 16.4. Breki ya nyuma tuliirudisha kabla ya jambo lingine lolote, na usukani tukanunua mzima. Hesabu yetu ilikwenda hivi.

Stendi: tuliitoa. Gramu 400. Baiskeli inaweza kuegemea mnazi.

Kiti cha springi cha gramu 900 tulikibadilisha kwa chembamba cha gramu 400. Faida nusu kilo.

Tairi mbili za nyuzi ngumu zilikuwa na gramu 1,900 kwa pamoja. Tulipata nyingine za gramu 1,300. Faida gramu 600.

Rimu za chuma zilikuwa gramu 900 kila moja, za alumini gramu 500. Faida gramu 800. Na hapa kuna zawadi ya ziada: rimu ya chuma ikilowa, breki za mpira huteleza vibaya sana. Ya alumini hushika hata wakati wa mvua za masika.

Uma wa springi, ambao springi zake zilikwisha kufa kwa kutu, ulikuwa na kilo 2.6. Uma wa chuma usio na springi una kilo 1.2. Faida kilo 1.4, ambayo ni kubwa kuliko zote. Lakini tahadhari: uma mpya usiwe mfupi sana kuliko ule wa zamani. Ukiwa mfupi, pua ya baiskeli inashuka na usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Pima urefu kutoka mhimili wa gurudumu hadi chini ya shingo ya fremu kabla hujalipa.

Jumla, kilo 3.7. Baiskeli ikabaki na kilo 12.7, ikiwa na breki zote mbili na hakuna tundu lililotobolewa popote.

Umeona mpangilio wake, msomaji? Tulianza na vitu visivyokuwa na kazi, tukaenda kwenye vitu vinavyozunguka, tukamaliza na kitu kilichokufa. Uzito wa tairi na rimu ndio unaosumbua zaidi kila unapoondoka kutoka kusimama, kwa sababu unausukuma mbele na kuuzungusha kwa wakati mmoja. Vitu vinne usiviguse kwa tamaa ya gramu: usukani, shingo yake, uma na breki. Hivyo ndivyo vinavyobeba roho yako.

Gia kabla ya gramu

Hata hivyo nitakueleza ukweli ambao wenye kushindana hawapendi kuusikia. Tuseme una kilo 65. Ukiwa juu ya Black Mamba ya kilo 22, mlima unapandishwa kilo 87. Ukiwa juu ya baiskeli ya kilo 14, unapandishwa kilo 79. Umeokoa kilo 8, yaani sehemu moja kati ya kumi na moja. Mpando wa saa moja unapungua dakika tano hivi. Ni faida, lakini si muujiza.

Muujiza uko kwenye gia. Black Mamba ukizungusha pedali mara moja inakwenda karibu mita 5, upende usipende, tambarare au mlimani. Baiskeli ya mlimani yenye meno 22 mbele na 32 nyuma inakwenda mita moja na nusu kasoro kidogo. Kila mzungusho unabeba kipande kidogo tu cha mlima, na magoti yanakushukuru. Kwa hiyo ikiwa fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua friwili yenye meno makubwa na mnyororo mpya, kisha ndipo uwaze juu ya gramu.

Hata waliobuni baiskeli hizi walianza na nzito. Vijana wa Marin huko California, Marekani, walikuwa wakiteremka mlima Tamalpais kwa mabaiskeli makuukuu yenye uzito wa Black Mamba zetu. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mbio zilizoitwa Repack, kwa sababu breki za habu zilikuwa zikichemka mpaka grisi inafuka moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi zijazwe grisi upya. Joe Breeze akaunda fremu maalumu za kazi hiyo kuanzia 1977, kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper mwaka 1981, na kufikia 1996 mchezo huo ulikuwa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Na hapa Kenya, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa akiwa kijana na David Kinjah wa Kikuyu juu ya baiskeli za mlimani kabla ya kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Miguu ilitangulia, baiskeli ya thamani ikafuata.

Mchanga wa Msambweni

Kuna madini moja ambayo fundi wa baiskeli akiyataja hupunguza sauti, nayo ni titaniamu. Uzito wake ni kama sehemu sita kwa kumi za chuma, haichoki upesi kama alumini, na maji ya chumvi hayaifanyi kitu. Kwa mtu wa pwani hiyo ndiyo fremu ya ndoto.

Na ajabu ni kwamba imelala chini ya miguu yetu. Mchanga wa Maumba na Nguluku, Msambweni, una madini ya ilmenaiti na rutili yenye titaniamu ndani yake. Kampuni ya Base Titanium iliuchimba na kuusafirisha kupitia Likoni, meli ya kwanza ikiondoka mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Lakini usidhani mchanga huo wote uligeuka fremu. Duniani sehemu kubwa kabisa ya madini hayo hufanywa unga mweupe wa rangi, karatasi na plastiki. Kuyageuza kuwa madini safi ya kuundia mabomba kunahitaji moto na gharama kubwa mno. Kwa hiyo yawezekana mchanga wa nyumbani umerudi kwako kama rangi ya ukuta, lakini baiskeli ya titaniamu bado tunaitazama kwa mbali inapoendeshwa na mgeni huko Diani.

Sisi wa chuma na alumini, adui yetu ni hewa ya bahari. Kila miezi mitatu chomoa bomba la kiti, lipake grisi, lirudishe. Bomba la alumini likiachwa mwaka mzima ndani ya fremu ya chuma hushikana nayo, na hapo hata fundi atashika kichwa. Fremu ya chuma itie mafuta ndani, igeuze huku na huku, kisha imwagie ya ziada nje. Kutu inaanzia ndani, na fremu iliyoliwa na kutu ni nyepesi kwelikweli, ila huo si wepesi unaoutaka.

Si kila mtu apunguze

Nimalizie kwa kuwaombea heshima wenye baiskeli nzito. Mchuuzi anayetoka Gazi na makapu ya samaki, au mgema mwenye madumu ya tembo kila upande, hana haja ya kilo 12. Fremu yake ndiyo gari lake. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, watu hubeba mamia ya kilo za makaa na viazi juu ya chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na hakuna anayewauliza chombo chenyewe kina gramu ngapi. Wanauliza kitabeba ngapi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini ikiwa wewe ni wa kupanda na kushuka kama mpwa wangu, chukua mizani, chukua kalamu, na uanze na stendi. Siku hizi anafika nyumbani kabla ya magharibi, na wenzake wakimwuliza baiskeli ina kilo ngapi huwajibu, "Kumi na mbili nukta saba, na breki mbili." Hiyo ya breki huitamka kwa sauti kubwa kuliko ya kilo.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kunyoosha rimu iliyopinda kwa kutumia funguo ya spoki tu. Hadi wakati huo, kagua usukani wako leo jioni. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, kesho tembea kwa miguu.